Garissa haihitaji semina zaidi, inahitaji wa kuwanoa viongozi wake

WADI ya Iftin, mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Garissa Mjini, ina jina ambalo kwa Kisomali maana yake ni mwanga. Kila baada ya miaka mitano wakazi wake hupanga foleni kumchagua mtu mmoja wa kuwawakilisha katika bunge la kaunti. Mwezi Julai mtu huyo huenda akawa mwalimu, mfanyabiashara wa mifugo katika soko la Garissa au mwenye duka la nguo. Ifikapo Septemba anaitwa mheshimiwa, naye anatarajiwa kupitisha bajeti ya mabilioni, kuwahoji mawaziri wa kaunti na kuamua ni kisima kipi kichimbwe mwaka huu na kipi kisubiri.

Pesa zenyewe si haba. Katika mwaka wa kifedha wa 2021/22 mgao wa Garissa kutoka kwa serikali kuu ulikuwa takriban Sh7.9 bilioni. Wajir ilitengewa karibu Sh9.5 bilioni na Mandera karibu Sh11.2 bilioni. Kabla ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, maamuzi makubwa ya eneo hili yalifanywa na mkuu wa mkoa aliyepokea amri kutoka Nairobi, na kwa takriban miongo mitatu baada ya uhuru maamuzi hayo yalifanywa chini ya sheria za hali ya hatari. Kwa hivyo viongozi wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kukabidhiwa mamlaka halisi na pesa za kuyatekeleza hawakuwa na watangulizi wa kuwaiga. Walilazimika kujifunza kunyoa, na kichwa kilikuwa cha mwananchi.

Kile ambacho mheshimiwa mpya hupewa ili kumwandaa kwa kazi hiyo kinajulikana. Hupelekwa semina ya siku chache katika hoteli ya Mombasa, Naivasha au ng'ambo, akasomewa Katiba na sheria za fedha za umma, kisha akarudi nyumbani na cheti, mkoba na picha ya pamoja. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimelalamika mwaka baada ya mwaka kuhusu fedha ambazo kaunti hutumia kwa safari na marupurupu. Lakini hata kama pesa hizo zingetumika kwa uangalifu wote, lingesalia swali la kama semina humkuza kiongozi.

Jibu la wanaoifanya kazi ya kukuza viongozi kwa malipo, wale ambao katika mashirika makubwa huitwa makocha wa uongozi, ni kwamba haimkuzi. Si kwamba mafunzo ni mabaya. Tatizo ni kwamba kiongozi huharibikiwa baada ya mafunzo, anaporudi ofisini na kukuta kila anayemkaribia ana haja naye.

Ukocha wa aina hii una chanzo chake michezoni. Mwaka wa 1974 mwalimu wa tenisi nchini Marekani, Timothy Gallwey, alichapisha kitabu kilichodai kwamba adui mkubwa wa mchezaji si yule aliye ng'ambo ya wavu bali ni yule aliye kichwani mwake, na kwamba mwalimu anayepiga kelele humwongezea mchezaji adui wa pili. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari, aliyahamishia mawazo hayo katika ofisi za mameneja, na kitabu chake cha mwaka wa 1992 kikawa kama msahafu wa fani hiyo. Msingi wake ni mwepesi kueleza ingawa ni mgumu kutekeleza: kocha huuliza zaidi ya anavyoelekeza, na mwenye kazi hutafuta jibu mwenyewe kisha akalitolea hesabu katika kikao kinachofuata.

Hapo ndipo kocha anapotofautiana na mwalimu na pia na mshauri. Mwalimu anajua asichokijua mwanafunzi. Mshauri wa gavana, kwa Kenya ya leo, mara nyingi ni mtu aliyepewa cheo kwa kusaidia kampeni na ambaye atakipoteza siku ambayo bosi atakasirika. Kocha hachezi, hapigi mpira na hachukui kombe nyumbani. Faida yake ni moja tu, kwamba anamwona mchezaji jinsi mchezaji asivyoweza kujiona.

Mfano unaotajwa sana ni wa Bill Campbell, aliyekuwa kocha wa kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia hadi mwaka wa 1979, akashindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, kisha akaingia biashara. Alikuja kuwa msiri wa Steve Jobs wa Apple na wa wakuu wa Google. Eric Schmidt alipoongoza Google mapema katika miaka ya 2000 aliambiwa atafute kocha, naye akaona kama ametukanwa, kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Baadaye Schmidt mwenyewe alieleza mara kadhaa kwamba huo ulikuwa ushauri bora zaidi aliowahi kupewa. Jambo moja kuhusu Campbell, aliyefariki mwaka wa 2016, linafaa kukumbukwa wakati mjadala huu unaporejea Garissa: kwa kazi hiyo alikataa kulipwa mshahara, na hivyo hakuwa na cha kupoteza alipomwambia tajiri kwamba amekosea.

Kuna ushahidi mwingine usio wa hadithi za matajiri. Mwaka wa 2004 Marshall Goldsmith na Howard Morgan walichapisha matokeo ya uchunguzi katika kampuni nane zilizokuwa na mipango ya kuwakuza mameneja kwa njia tofauti. Nyingine zilitumia makocha wa nje, nyingine wafanyakazi wenzao, nyingine zilianza na mafunzo darasani. Waliobadilika, kwa maoni ya watu waliokuwa chini yao, ni wale waliorudi tena na tena kwa wenzao kuuliza, "Nilisema nitarekebisha jambo hili. Mnaonaje?" Walioketi darasani wakarudi kimya hawakutofautiana sana na ambao hawakuwahi kwenda. Kwa maneno mengine, kilicholeta mabadiliko ni kufuatiliwa.

Msomaji wa Garissa anaweza kusema kwamba hayo si mageni, naye atakuwa na haki. Jamii za wafugaji wa Kisomali zimekuwa na kikao cha shir tangu zamani, ambapo wanaume wazima huketi chini ya mti na kila mmoja ana haki ya kusema mbele ya mkuu wa ukoo. Mkuu huyo hakuwa na polisi wala jela. Nguvu yake ilitokana na kusikilizwa, na hakusikilizwa asiyejua kusikiliza. Aidha, mafundisho ya Kiislamu yameifanya nasaha kuwa wajibu, na wanazuoni husisitiza itolewe faraghani, kwa kuwa anayemkosoa mtu hadharani humwaibisha kabla ya kumrekebisha. Kikao cha siri, maswali na ufuatiliaji, ambavyo vitabu vya Ulaya na Marekani huviuza kwa bei ghali, vilikuwapo.

Isitoshe, vilifanya kazi katika kipindi kigumu kuliko hiki. Kati ya mwaka wa 1992 na 1995 koo za Wajir zilipigana vikali na mamia ya watu wakauawa. Serikali ilikuwa mbali, na karibu ilikuwapo vita vya Somalia na bunduki zake. Walioanza kuuzima moto huo ni kundi dogo la wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka wa 1964. Hawakukimbilia majukwaani. Walianza sokoni, ambako wanawake wa koo hasimu walikuwa wanakataliana kuuziana bidhaa, wakahakikisha kila mmoja anaweza kuuza na kununua. Kisha wakawaendea wazee, vijana, wafanyabiashara na maafisa wa serikali, kila kundi kwa njia yake. Mkataba wa Al-Fatah ulipatikana mwaka wa 1993, na mwaka wa 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir iliyowakutanisha raia na utawala wa wilaya. Mfano wa kamati hiyo uliigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Kinachosahaulika katika simulizi hiyo ni kwamba wanawake hao hawakuchukua nafasi ya wazee. Waliwawezesha wazee kufanya kazi ambayo wazee wenyewe walikuwa wameshindwa kuianza, kwa sababu kila mzee alikuwa mateka wa hasira ya ukoo wake. Huo ndio ukocha kwa maana yake halisi, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Dekha baadaye alikuwa mkufunzi wa wapatanishi katika nchi mbalimbali na mmoja wa waandishi wa kitabu kuhusu kushughulikia mizozo kilichotoka mwaka wa 2000. Mwaka wa 2007 alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden.

Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha, Balozi Bethuel Kiplagat, Majenerali Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, pamoja na George Wachira walianzisha kundi la Wananchi Waliohusika kwa Amani. Wakati wanasiasa walikuwa wakirushiana maneno hadharani, kundi hilo lilikutana kila asubuhi katika hoteli moja jijini Nairobi, likasikiliza taarifa za siku na kugawana nani azungumze na nani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatafuta kiti. Dekha alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani, na eneo la kaskazini halijampata mwingine wa kimo chake.

Ni nini basi kilichotokea kwa wazee? Ugatuzi uliwapa kazi mpya, nayo ikala kazi ya zamani. Kuanzia uchaguzi wa 2013 mabaraza ya wazee ya koo mbalimbali katika kaunti za Kaskazini Mashariki yamekuwa yakigawa viti kabla ya kura kupigwa, utaratibu ambao umepewa jina la demokrasia ya maelewano. Una watetezi wake, na hoja zao si dhaifu. Mahali ambapo kura iliyopigwa kwa hasira inaweza kuishia makaburini, ni afadhali ukoo huu uchukue ugavana na ule useneta kuliko vita kuzuka mjini. Mandera ilishuhudia umwagaji damu kati ya Wagarre na Wadegodia, na hakuna anayetaka kuurudia.

Lakini mzee anayegawa tiketi hawezi tena kuwa kocha. Kocha wa kandanda ambaye ndiye anayemteua mchezaji, na ambaye kila mchezaji lazima ampelekee zawadi kabla ya kuteuliwa, haambiwi ukweli na mchezaji wala hawezi kuusema yeye mwenyewe. Mandera ndiko jambo hili lilikoonekana waziwazi. Baraza la wazee wa Garre lilimuunga mkono Ali Roba kuwa gavana wa kwanza mwaka wa 2013, kisha likaamua waliochaguliwa wote wahudumu kipindi kimoja tu. Bw Roba alikaidi, akawania tena mwaka wa 2017 na akashinda. Wachanganuzi waliandika mengi kuhusu nani alikuwa na haki. Waliloacha ni kwamba tangu siku hiyo uhusiano wa gavana na wazee wake ulikuwa wa wapinzani wa kisiasa. Kiongozi aliyeshinda dhidi ya wazee hatarudi kwao usiku kuuliza amekosea wapi, na aliyeteuliwa nao anaogopa kuuliza.

Gharama nyingine ya mfumo huo ni wale wanaofungiwa nje. Sophia Abdi Noor, aliyejenga jina lake mjini Garissa kupitia shirika la Womankind Kenya, alizuiwa na wazee alipojaribu kuwania ubunge wa Ijara katika miaka ya 1990. Aliingia bungeni mwaka wa 2008 kwa kuteuliwa, na ni mwaka wa 2017 tu alipochaguliwa Ijara, akawa mwanamke wa kwanza kushinda eneobunge katika Kaskazini Mashariki. Ilimchukua takriban miaka ishirini. Kuna wanaosema miaka hiyo ndiyo iliyompika. Huenda. Lakini hakuna anayejua ni wangapi waliokata tamaa mwaka wa tano.

Serikali nayo haijakaa bure. Chuo cha Serikali ya Kenya, kilichochukua nafasi ya Taasisi ya Utawala ya Kabete kwa sheria ya mwaka wa 2012, kina kozi ya uongozi wa kimkakati ambayo maafisa wengi huihitaji ili kupandishwa vyeo. Baraza la Magavana lina kituo cha Maarifa kinachokusanya mifano ya kaunti zilizofanikiwa ili nyingine zijifunze. Kaunti za kaskazini pia zina muungano wao, Baraza la Maendeleo la Kaunti za Mpakani, lililoanzishwa mwaka wa 2016. Hizi ni hatua njema, ingawa zote zina kasoro moja. Zinashughulikia maarifa ya kiongozi na kuyapita maamuzi yake. Gavana hakosei kwa sababu hajui sheria ya ununuzi inasema nini. Hukosea saa nne usiku, shemeji yake anapompigia simu kuhusu zabuni.

Wajir ilionyesha jinsi kiongozi anavyoweza kubaki peke yake huku amezungukwa na watu. Mwaka wa 2021 bunge la kaunti lilimng'oa Gavana Mohamed Abdi Mahamud, Seneti ikaidhinisha mwezi Mei, naibu wake Ahmed Ali Muktar akaapishwa, na mwaka uliofuata mahakama ikafutilia mbali hatua hiyo na gavana akarejea ofisini miezi michache kabla ya uchaguzi. Nani alikuwa na haki ni suala la mahakama. La kusikitisha ni kwamba malalamiko yaliyofikishwa Seneti, hasa kuhusu hali ya huduma za afya, hayakuwa ya siku moja. Ikiwa kulikuwa na mtu wa kumketisha gavana chini miaka miwili kabla na kumuuliza kuhusu hospitali zake, sauti yake haikusikika.

Linganisha na magavana wawili walioshindwa mwaka wa 2017, Nathif Jama wa Garissa na Ahmed Abdullahi wa Wajir. Wote wawili waliongoza tangu 2013, wote waliondolewa na wapigakura, na wote walirudishwa mwaka wa 2022. Bw Abdullahi hata alichaguliwa na magavana wenzake Oktoba 2024 kuwa mwenyekiti wa baraza lao. Miaka mitano ya kukaa bila msafara wa magari, ya kusimama kwenye foleni ya benki kama mtu mwingine na kusikia watu wakisema bila woga, huenda iliwafunza wawili hao kuliko semina zote walizohudhuria. Ila hiyo ni shule ghali mno. Kaunti haiwezi kumpoteza gavana kila mara ili apate kusikia.

Mfano wa tatu unatoka upande wa utawala. Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015 na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, lawama za kwanza zilielekezwa kwa viongozi ambao hawakusikilizana: vyombo vya usalama na wakazi, serikali kuu na kaunti. Mohamud Saleh, afisa mkongwe wa utawala aliyewahi pia kuwa balozi nchini Saudi Arabia, alipelekwa Garissa mwaka huo kuwa mshirikishi wa eneo. Alitumia muda mwingi kuketi na wazee na viongozi wa dini, na wakazi walioogopa polisi walianza kuzungumza. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2017. Hakuna semina inayomfundisha afisa kunyamaza ili mzee amalize sentensi yake. Hilo lilitokana na miaka mingi ya utumishi, nao maafisa wa aina hiyo hustaafu wakaenda kufuga ngamia bila ya yeyote kuwaomba wamwachie mwingine walichojifunza.

Hapa ndipo penye nafasi. Garissa, Wajir na Mandera zina wastaafu: walimu wakuu, makamanda, mahakimu, wauguzi wakuu, wanawake walioongoza vikundi vya amani tangu miaka ya 1990. Wengi wao hawataki cheo. Haitagharimu mamilioni ikiwa kila mwakilishi mpya wa wadi, awe wa Iftin au wa Dadaab, atapewa mmoja wao wa kukutana naye mara moja kwa mwezi kwa miaka miwili ya kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Ajenda iwe fupi: uliahidi nini mwezi uliopita, umefanya nini, ni nani aliyekuzuia, na watu wako wanasemaje. Chuo Kikuu cha Garissa kinaweza kuwaandaa wastaafu hao, maana kujua kuuliza nako ni ujuzi, na mwalimu mkuu aliyezoea kutoa amri kwa miaka thelathini huenda akaona ugumu kuliko mheshimiwa mwenyewe.

Masharti ni muhimu kuliko mpango. Kwanza kabisa, kocha asitoke katika ukoo wa anayenolewa. Pendekezo hili litapingwa vikali, na kwa sababu hiyo hiyo linafaa. Wajir ya 1993 ilifundisha kwamba wapatanishi waliokubalika ni wale ambao hawakuwa na upande mkubwa katika ugomvi. Pia asiwe mtu wa kuidhinisha wagombea, wala asipokee kandarasi ya kaunti. Akilipwa, asilipwe na ofisi ya anayemnoa, kwa sababu kocha anayelipwa na gavana atageuka kuwa mshauri wa gavana kabla ya mwaka kwisha, na Garissa ina washauri wa kutosha.

Vilevile si busara kuutegemea ufadhili wa nje. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mjini Garissa palikuwa na mradi wa vijana uliojulikana kama G-Youth, uliofadhiliwa na shirika la Marekani la USAID, na ambao pamoja na mambo mengine uliwafunza vijana uongozi na kupanga maisha yao. Ulikuwa mradi mzuri, nao ulikwisha kama miradi inavyokwisha. Mwaka wa 2025 USAID yenyewe ilifungwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mradi huo sasa yuko katika umri wa kuwania kiti cha wadi, na mwenye kumfuatilia hayupo tena.

Wapo watakaouliza, na ni swali la haki, kama kaunti ambayo Novemba 2023 na tena Aprili 2024 ilitengwa na mafuriko ya mto Tana, na ambayo mwaka mmoja kabla yake ilikuwa inahesabu mizoga ya ng'ombe kwa ajili ya ukame, inapaswa kuzungumzia makocha wa wakubwa. Mwananchi anataka maji, dawa na barabara. Lakini ukame na mafuriko havikuja bila kutabiriwa. Utabiri ulifika ofisini kwa wakati. Tofauti kati ya kaunti iliyosogeza chakula na dawa kabla ya barabara kukatika na ile iliyosubiri, ni uamuzi wa watu wachache katika wiki chache, na uamuzi huo ndio unaojadiliwa hapa.

Pingamizi zito zaidi ni la ufisadi. Mwizi akinolewa, anakuwa mwizi hodari. Ni kweli, na hakuna kocha anayepaswa kuahidi kinyume cha hilo. Kiongozi aliyeingia ofisini kuiba ni kazi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, wapelelezi na mahakama. Ukocha unamhusu yule mwingine, ambaye pengine ndiye wa kawaida zaidi: aliyeingia akiwa na nia njema, akasifiwa kila siku kwa miaka miwili, na katika mwaka wa tatu akashindwa kutofautisha sifa na ukweli. Huyo hakuna sheria inayomshughulikia. Wapigakura humshughulikia mwaka wa tano, wakati pesa zimekwisha.

Saa ya kuanza inakaribia. Kifungu cha 180 cha Katiba hakimruhusu mtu kuwa gavana kwa zaidi ya vipindi viwili, kwa hivyo Bw Nathif na Bw Abdullahi hawatakuwa kwenye karatasi za kura za ugavana Agosti 2027. Garissa na Wajir zitapata magavana wapya, na bunge la kaunti ya Garissa, lenye wadi 30, kwa kawaida hupokea wageni wengi baada ya kila uchaguzi. Sheria ya Kuchukua Ofisi ya Gavana ya mwaka wa 2019 inaunda kamati ya kusimamia kuapishwa, kukabidhiana ofisi na kumwandalia gavana mteule taarifa anazohitaji. Kamati hiyo huvunjwa mara kazi yake inapomalizika, na kuanzia siku hiyo wanaobaki na gavana ni walinzi, madereva na wenye haja.